Goti la Ishimine

Kila alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajapata sauti, Tsuru alikuwa ameshampiga Ishimine.

Usishtuke. Ishimine huyo alikuwa nguzo. Nguzo ya mti iliyochimbiwa nyuma ya nyumba ya tofu, ikafungwa kamba ya mabua ya mpunga pale ngumi zinapotua, kama ilivyo nyuma ya nyumba ya kila mtu wa karate huku Okinawa. Nguzo tunazo wengi. Lakini mji mzima wa Yonabaru ni Tsuru peke yake aliyeipa yake jina la mtu aliye hai, anayekaa mtaa wa pili, na ambaye tofu ya Tsuru huyo huyo anaila, ila humtuma mkwewe kuinunua.

"Mwizi wewe," Tsuru aliiambia nguzo, ngumi inatua. "Mnafiki wewe." Ngumi. "Mguu wako una akili yake, eh? Una akili yake?" Ngumi juu ya ngumi.

Akimaliza hunawa, hufunga kitambaa kichwani, hurudi kwenye sufuria lake. Maharage ya tofu yameshalowekwa, yamesagwa, yamekamuliwa, tui lake linatokota, na yeye anatia maji ya bahari kidogo kidogo mpaka ligande. Alikuwa na miaka sabini na mitano, mgongo umenyooka, vifundo vya ngumi vimekuwa vigumu kama visigino. Wa kwanza kufika alikuwa Uto, mwuza mboga, shoga yake tangu utoto, aliyependa tofu ya moto na maneno ya moto zaidi.

"Leo kakosa nini?" Uto aliuliza, akijipakulia bila kukaribishwa.

"Kaamka."

"Na jana?"

"Alilala."

"Mama yangu! Ukifa wewe, shoga, nguzo hii tutakuzika nayo."

"Mkinizika naye nitafufuka, nawaambia mapema."

Uto alicheka mpaka akapaliwa. Tsuru hakucheka. Kwake jambo hilo halikuwa mzaha hata siku moja.

Kisa chenyewe ni cha miaka ile ya baada ya vita, mabati ya jeshi ndiyo yaliyokuwa mapaa yetu. Baba yake Tsuru, Mzee Tengan, alikuwa mchonga mawe ya makaburi, na jioni alifundisha karate uani kwake. Hakutoza mtu ada. Juu ya mlango palikuwa na ubao tu, kauchonga kwa mkono wake mwenyewe: Nyumba ya Tengan. Wanafunzi wake hodari walikuwa wawili, mwanawe Seitoku, kakaake Tsuru, na Ishimine, mtoto wa mchoma chokaa. Tsuru na mama yake walisaga maharage kando, na kila alichokiona kwa macho mikono yake ilikijaribu jikoni.

Seitoku alikuwa kijana wa kupendwa, jamani. Mwezi wa saba, wahenga wanapokuja kututembelea na vijana wanapita nyumba kwa nyumba na ngoma kuwapokea, aliyekuwa mbele na ngoma kubwa ni yeye, anaruka, anazunguka, anatua bila kukosa pigo. Wasichana walipoteza kauli. Tsuru alijisikia kama vile anayeshangiliwa ni yeye.

Siku ya balaa walikuwa wanacheza mchezo wa kusukumana mikono. Mnakutanisha vifundo vya mikono, mnavutana na kusukumana taratibu, kila mmoja anamsikiliza mwenzake atakosea wapi. Seitoku alikuwa mtu wa utani.

"Ishimine, unasukuma kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani."

Waliokuwepo wakacheka. Ishimine masikio yakawa mekundu. Mzee Tengan akasema, "Basi," na kwetu mwalimu akisema basi, ni basi. Seitoku akashusha mikono. Mguu wa Ishimine ukaja juu ya goti lake, ukalikanyaga kwa upande. Tsuru aliisikia sauti ya lile goti kutoka jikoni na jiwe la kusagia likasimama mkononi mwake.

"Mguu umetoka wenyewe," Ishimine alisema, midomo inatetemeka. "Mwalimu, naapa, mguu umetoka wenyewe!"

Mguu wenyewe! Wee, usimwambie Tsuru maneno hayo hata leo. Mguu una mama yake? Mguu uliwahi kukaa kikao peke yake ukaamua? Seitoku hakucheza ngoma tena. Mwezi wa saba ulipofika alikaa kibarazani na gongo lake la kutembelea, akisikiliza ngoma zikipita, na pembeni chupa ya awamori, pombe yetu ya mchele. Mwaka uliofuata chupa zilikuwa mbili. Akaishia kuokotwa majini pale gatini, asubuhi ya mvua, kijana wa miaka ishirini na kitu.

Na Mzee Tengan hakumfukuza Ishimine! Hilo ndilo lililomchoma Tsuru kuliko kifo chenyewe. Arobaini haijaisha vizuri, Ishimine yuko uani anafagia, anachota maji, anapiga magoti mbele ya picha ya Seitoku.

"Baba," Tsuru alimwambia, "unamlisha aliyemla mwanao."

"Nikimfukuza, goti litapona?"

"Goti halitapona. Nitapona mimi."

Mzee akaendelea kunoa patasi yake.

Mwaka mmoja baada ya hapo ndipo alipomwita Tsuru uani, milango yote imefungwa, akamwambia atamfundisha kata ya nyumba. Kata, wala si ile ya kutekea maji mtungini, ni mfuatano wa mapigo na hatua unaoucheza peke yako, kana kwamba maadui wamekuzunguka. Kila nyumba kongwe ya karate ina yake, na ya nyumba haioneshwi hovyo. Mtoto wa kike kufundishwa, zama zile, lilikuwa jambo la ajabu. Tsuru alifurahi, na furaha yake ilikuwa na meno.

Walipofika katikati, pale unapomshika adui kifundo cha mkono na kumvuta, Tsuru alisimama.

"Baba. Hapa ndipo penye goti?"

"Goti gani?"

"Goti lake."

Mzee Tengan akafungua mkanda wake, akaufunga upya, taratibu, kama mtu anayetafuta neno.

"Hapa," akasema mwishowe, "mguu wa kushoto unarudi nyuma."

"Nyuma? Nimemshika, halafu nirudi nyuma?"

"Nyuma. Na uicheze humu humu uani. Isionwe na jicho la nje, hata nikifa."

Ua ule ulikuwa mwembamba, sufuria huku, jiwe la kusagia kule. Tsuru akawa anaicheza kwa vipande, nusu ya kwanza mpaka ukutani, anatembea anarudi, kisha nusu ya pili. Sisi watu wa nyua ndogo ndivyo tunavyofanya, hakuna anayeona ajabu. Akaicheza hivyo kila siku ya maisha yake.

Mzee Tengan alipokuwa anakata roho aliwataka wawili tu chumbani, Tsuru na Ishimine. Walikaa pande mbili za kitanda kama paka wawili juu ya paa moja.

"Kata ya nyumba nimewapa nyote," alisema kwa taabu. "Mmoja wenu nimempa hatua ya uongo. Atakayejua kuwa ni yeye, atajua na sababu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho. Tsuru alimtazama Ishimine ng'ambo ya mwili wa baba yake, akamwona amekuwa kijivu, na moyo wake ukapiga vigelegele. Kumbe mzee alikuwa na kisasi chake! Kamwachia mwuaji shule, kamwachia ubao wa mlangoni kwa kuwa mwanamke kwetu harithi jina la nyumba, lakini ndani ya shule kamtilia kokoto kwenye wali. Subira basi. Siku moja, mbele ya watu wote, Tsuru angeitoa kokoto hiyo na kuionesha.

Siku hiyo alikaa akiingoja. Ishimine akawa mwalimu mkubwa, wageni wakaja kutoka ng'ambo kumpigia magoti, ubao wa Mzee Tengan ukaning'inia ukumbini kwake. Tsuru akakaanga hasira yake polepole. Aliolewa na dereva wa basi, mtu mpole, akadumu naye miaka michache. "Nyumbani kwangu tuko watatu," yule bwana aliwaambia wenzake siku alipoondoka, "na mgeni ni mimi." Tsuru aliposikia alisema tu kwamba Ishimine kamwongezea kosa jingine.

Mara moja tu aliiona kata ya Ishimine. Ilikuwa kumbukumbu ya mwisho ya Mzee Tengan, ile ya mwaka wa thelathini na tatu, baada yake marehemu anaungana na wahenga na hasumbuliwi tena. Ishimine aliicheza mbele ya kaburi, watazamaji ni ndugu wachache. Alipofika pale pa kushika na kuvuta, mguu wake wa kushoto ukaenda mbele. Mbele! Tsuru hakutazama tena kilichofuata, aliinamisha uso kwenye kitambaa, na watu wakadhani analia. Alikuwa anacheka.

Sasa, mwaka juzi Ishimine akatimiza themanini na minane. Umri huo kwetu una sherehe yake, na kila mgeni anapewa kijiti cha mwanzi, kile cha kusawazishia mchele kwenye kibaba, ili naye apimiwe miaka mingi. Uto ndiye aliyeleta habari kutoka sokoni, na mboga hakuziuza siku hiyo.

"Shoga, mwenzio anacheza kata ya nyumba mbele ya mji mzima! Kasema kafika umri wa kutoficha kitu."

Tsuru akaweka chini upawa. "Sema tena."

"Mbele ya mji mzima. Na kakutumia salamu, anakuomba uje. Akasema, 'Mwambieni Tsuru asipokuja sichezi.'"

"Nitakuja. Hata ningekuwa kwenye jeneza ningekuja."

"Tsuru, mzee wa watu ana miaka themanini na minane."

"Na Seitoku ana mingapi?"

Tsuru alitoa sandukuni nguo yake ya indigo, akaipiga pasi, na kwa siku zilizobaki nguzo ilipata kipigo ambacho haijawahi kukipata.

Ukumbi wa sherehe ulijaa pomoni. Wali wa maharage mekundu, nyama ya nguruwe na ngozi yake imepikwa mpaka inateleza, nyuzi za sanshin, gambusi letu, zinalia, wazee wanacheza na mikono juu. Ishimine alivaa joho la manjano la sherehe, mdogo ndani yake kama punje ndani ya ganda. Alipolivua, akapanda jukwaani, akaweka kijiti chake cha mwanzi sakafuni mbele ya vidole vya miguu.

"Nisije nikapotea," alisema, na watu wakacheka kwa mapenzi.

Akaicheza. Lazima niseme kweli, aliicheza vizuri, mzee yule. Pumzi fupi lakini hakuna kilicholegea. Tsuru alisogea ukingoni mwa kiti. Ikafika pale pa kushika na kuvuta. Mguu wa kushoto mbele, tii! Tsuru akambana Uto mkono mpaka akalia, "Ai, ngozi yangu hiyo!" Ishimine akamaliza, na vidole vyake vikagusa kijiti kile kile. Kata hurudi nyumbani. Hiyo ni sheria ambayo hata wanaoanza wanaijua: unapoanzia ndipo unapoishia, na usiporudi, ujue kuna mahali umekosea.

Tsuru hakulitia hilo maanani. Alikuwa anasimama. Maneno alikuwa nayo tayari, ameyachonga maisha yake yote: enyi watu, aliyevunja goti la kaka yangu anawauzia uongo, tazameni ya kweli. Mdomo ukafunguka, na Ishimine jukwaani akainua mkono.

"Ngojeni kupiga makofi. Mwalimu wangu alisema kabla ya kufa kwamba mmoja wetu, mimi au binti yake, kampa hatua ya uongo. Mimi nilimvunja mwanawe. Ya uongo angempa nani, kama si mimi? Nimefundisha miaka yote hii nikijua hivyo, na sikuwa na ujasiri wa kusema. Mtaniambia, mbona yako inarudi nyumbani? Mwongo hodari naye hurudi nyumbani." Akapumzika kidogo. "Mwenye ya kweli yuko pale, Tsuru wa nyumba ya tofu. Namwomba aje aicheze, na akishuka, ashuke na ubao wa baba yake."

Tsuru alibaki amesimama na mdomo wazi. Mnaijua hasira ya kuibiwa kila kitu na mtu, kisha siku unayokwenda kumkamata anakukabidhi mwenyewe, mbele za watu, kwa adabu? Hata kisasi changu kakiiba, aliwaza. Hata kisasi!

"Nenda basi," Uto alimsukuma. "Si ndiyo siku yako?"

Akapanda. Akavua ndara, akasimama mbele ya kijiti, akavuta pumzi. Kwa mara ya kwanza maishani aliicheza mfululizo, bila ukuta, bila jiwe la kusagia, bila kukata vipande. Mwili ulifurahi, acha. Alipofika pale pa kushika na kuvuta akaurudisha mguu wa kushoto nyuma kwa kishindo, macho yakimtazama Ishimine: unaona? Unaona, mwizi wewe? Akaendelea, akageuka, akapiga la mwisho, akafunga miguu, akainamisha kichwa.

Mbele ya vidole vyake palikuwa na mbao tupu. Kijiti kilikuwa kule mbele, hatua mbili kamili.

Watu wa kawaida walipiga makofi, wao waliona bibi kapiga karate safi. Wanafunzi wa Ishimine hawakupiga. Walikuwa wanatazama kijiti. Tsuru naye alikitazama, na jasho lililomtoka halikuwa la kazi. Mbele ikigeuzwa nyuma, unakosa hatua mbili. Hesabu ya mtoto mdogo, na yeye hakuwahi kuipiga kwa sababu ya ua mwembamba.

Ishimine aliruka. Sijui alipata wapi magoti ya kurukia. Alikiokota kijiti na kuwafokea wanafunzi wake.

"Nani kakisogeza hiki? Mnachezea vitu vya wazee, hamna adabu!" Na akakiweka mbele ya vidole vya Tsuru, bila kumtazama usoni.

Hapo angenyamaza tu, angekuwa na kila kitu. Ubao, shule, jina la baba yake, na Ishimine chini ya nyayo mpaka kufa. Nani angejua? Lakini kufichiwa aibu na nani? Na Ishimine? Bora afe na aibu yake mwenyewe kuliko kufunikwa na shuka la mtu yule.

"Kirudishe," alisema.

"Dada Tsuru..."

"Mimi si dada yako. Kirudishe kilipokuwa!" Akawageukia watu, sauti inakwaruza. "Hakuna aliyekisogeza. Nimesogea mimi. Ya uongo ni yangu. Mmesikia? Haya, kuleni nyama."

Akashuka, akatoka, miguu mitupu. Uto alimfuata njia nzima kashika ndara mkononi.

Alfajiri Tsuru alisimama mbele ya nguzo, ngumi imekunjwa, na ngumi haikwenda. Maneno ya mzee yalikuwa yanamzunguka kichwani kama nzi. Atakayejua kuwa ni yeye, atajua na sababu. Na yeye sababu aliijua, tena alikuwa ameijua tangu jukwaani. Mguu ule ukienda mbele unakwenda kutua wapi, umemshika mtu na kumvuta? Juu ya goti. Aliuliza mwenyewe, kwa kinywa chake: hapa ndipo penye goti? Na baba yake akafungua mkanda, akaufunga, akamtolea kisu kwenye ala kabla ya kumkabidhi ala. Yule aliyekwisha vunja kampa yote. Yeye ambaye bado alikuwa na hamu ya kuvunja, kampa kurudi nyuma.

"Baba," alisema kwa sauti, na machozi ya hasira yakamjia. "Yaani hukuniamini mimi, ukamwamini yeye?" Kisha akaipiga nguzo kwa nguvu zote. "Ishimine! Ishimine! Ishimine!"

"Naam," sauti ikaitika mlangoni.

Ishimine mwenyewe alikuwa pale, na fimbo, na mgongoni kabeba kitu kirefu kilichofungwa kitambaa. Kaja peke yake, kwa miguu.

"Sikuiti wewe," Tsuru akamwambia. "Namwita mwenzio."

Ishimine akaitazama nguzo, kamba yake imelika, mti wenyewe umeingia ndani pale pa ngumi. "Anavumilia kuliko mimi," akasema. Akashusha mzigo, akaufungua. Ulikuwa ule ubao, Nyumba ya Tengan, alama za patasi bado zimo.

"Sitaki cha huruma."

"Si cha huruma, ni cha baba yako. Ya kweli au ya uongo, zote mbili alizitoa kwenye nyumba hii. Sasa niambie, unataka nini kwangu, Tsuru? Nimekuja kabla sijafa. Sema."

"Nataka hatua yangu."

"Ili iweje?"

"Unajua ili iweje."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akaiegemeza fimbo kwenye jiwe la kusagia, akakunja suruali mguu mmoja mpaka juu ya goti, goti jembamba, jeupe, la mzee. Akanyoosha mkono, na kifundo chake kikakutana na cha Tsuru, kama vijana wa uani zamani zile.

"Unanishika hapa. Unavuta. Mguu wa kushoto mbele, ukingo wa wayo, hapa, juu ya mfupa kwa upande. Hauhitaji nguvu." Pumzi yake ilikuwa fupi. "Na yeye alikuwa amesimama hivi."

Kisha akasema, "Basi," akashusha mikono yake, kama Seitoku alivyoshusha.

Nini zaidi ungetaka? Ua mtupu, mlango umefungwa, goti limewekwa kama tofu kwenye sinia. Tsuru alimwona kaka yake kibarazani na gongo, alimwona majini, alisikia ngoma za mwezi wa saba zikimpita. Damu ikamjaa machoni. Akamshika mzee kifundo, akamvuta, kifua chake kikatoa kilio ambacho Uto alikisikia toka njiani, akaupeleka mguu.

Mguu ukarudi nyuma.

Ukatua kwa kishindo pale pale karibu na jiwe la kusagia, ardhi ilipokuwa imeshaliwa shimo na wayo wake mwenyewe. Tsuru akautazama kama mguu wa mtu mwingine. Akavuta tena, akauamuru kwa matusi, mbele, mbwa wewe, mbele! Ukarudi nyuma tena. Maisha mazima, kila siku iliyopambazuka, alikuwa ameufundisha njia moja, na njia nyingine haukuijua.

"Mzee huyu!" Tsuru akapaza sauti kuelekea mbinguni au popote baba yake alipo. "Kaburini miaka yote hii na bado kanishika mguu!"

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia kwa sauti, bila kujifunika uso. Ishimine alibaki kasimama, suruali imekunjwa, hajui aweke wapi mikono. Tui jikoni likaanza kufurika na hakuna aliyeliangalia.

"Mguu umerudi wenyewe," Tsuru alisema alipoweza kusema.

Midomo ya Ishimine ilitetemeka, vile vile kama siku ile, naye Tsuru akaitazama midomo hiyo, kwa mara ya kwanza bila hamu ya kuipiga.

"Kukusamehe sijakusamehe," akasema, akijifuta kwa kitambaa cha kichwani. "Usije ukaenda kutangaza huko. Lakini nimekuamini. Haya, shusha hiyo suruali, goti litapata baridi."